Nani Aifunue Nasaba ya Bibi?

Mombasa, kila anapofariki bibi mwenye jina, awe kungwi aliyewafunda wari wa mitaa mizima au mwimbaji ambaye bila yeye harusi haikunoga, hoja ile ile huzuka matanga yakishaondolewa: huyu asili yake ni wapi hasa? Watafiti, na wakati mwingine wajukuu wenyewe, hutaka iandikwe wazi kwamba wazee wake walikuwa watumwa. Wakubwa wa nyumba hukataa, nao huambiwa kuwa wanaona haya au wanaficha historia. Nionavyo mimi, hawajasikilizwa.

Hoja ya watafiti si nyepesi. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, fidia walipewa mabwana, si waliotumikishwa, kwa hivyo kimya cha leo kinawasitiri pia waliotajirika kwa jasho la wengine. Tena wapo waliosema wenyewe. Mishi wa Abdala, mwanamke wa Mombasa mwenye asili ya utumwa, alisimulia maisha yake, na masimulizi hayo yakachapishwa mwaka 1989 na Sarah Mirza na Margaret Strobel pamoja na ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, ambaye kwao waliwahi kumiliki watumwa. Lakini Bi Mishi alisema akiwa hai, kwa hiari yake, akichagua la kutaja na la kuacha. Marehemu hana nafasi hiyo, na aibu, kama bado tunaiita aibu, haimfuati kaburini; huwaangukia waliobaki.

Huwaangukia hasa katika posa. Madhehebu ya Shafii, ambayo Waislamu wengi wa pwani huyafuata, huihesabu nasaba katika mambo ya kufu, yaani mume kulingana na mke. Na ingawa binti na walii wake wakiridhia ndoa husihi, anayetaka kukataa hupata pa kushika. Wazee wa kijana wakishakaribishwa na kahawa ikishapita, swali haliji kwa ukali. Mtu mzima mmoja huuliza tu: huyu kijana, kwa upande wa mamake, ni wa nyumba gani? Likitajwa jina kama Faraji, Mabruki au Majaliwa, majina waliyozoea kupewa watumwa, wenyeji hutazamana, na siku chache baadaye huja jibu la adabu kwamba binti bado anasoma. Hakuna aliyetukana, hakuna wa kushtakiwa, na kijana hataambiwa kamwe kwa nini. Sifa za bibi zilikuwa zikiwatosha wauliza maswali wasichimbe zaidi. Makala moja inayosambazwa kwenye simu huiondoa ngao hiyo kwa wajukuu wote kwa pamoja, wakiwemo ambao hawakuulizwa.

Nitajibiwa kwamba dawa ni kuivunja dharau yenyewe, na hilo ni kweli. Siti binti Saad wa Unguja, aliyezaliwa Fumba katika ukoo wenye asili ya utumwa, alisimangwa kwa nyimbo naye akajibu kwa nyimbo. Ila Siti alikuwa na sauti iliyomfikisha Bombay kurekodi mwaka 1928. Kijana anayeposa hana ila walii wa binti kumwonea imani. Kumtaka yeye na dada zake wabebe gharama ya kuurekebisha mji, huku mwandishi akipata sifa ya ujasiri, ni kuwatwisha mzigo wale wale kwa mara ya pili.

Sisemi historia ifungiwe. Wenye bibi wakikubaliana, iandikwe, na jina litajwe kwa heshima. Wasipokubaliana, mtafiti bado ana kazi tele upande wa pili, ambako wachache huenda kubisha hodi: nyumba zilizodai fidia mwaka 1907, na mashamba yaliyorithiwa tangu wakati huo.