Muvi za mapenzi zimenichosha, bora hata joka

Mi siyo mtu wa muvi kihivyo, naangalia tu zile ambazo kijana wa laibrari pale Mwanjelwa ananiingizia kwenye flashi, nikimwambia nichanganyie ananichanganyia, basi. Ila mwezi wa saba hapa Mbeya mnaujua wenyewe, saa moja usiku mtu kashajikunja na blanketi mbili, utaenda wapi. Alafu mwaka huu mama mdogo alikuja kukaa kwangu wiki mbili kutoka Tukuyu, na yeye akiangalia muvi hanyamazi.

Tulianza na Anyone But You ya 2023. Wale wawili ni wazuri mpaka wanakera. Wanakutana siku moja, mmoja anasikia maneno ambayo hakutakiwa kuyasikia, wananuniana, wanakutana tena kwenye harusi huko Australia wanaanza kujifanya wapenzi, na stori yenyewe mifupa yake wameitoa kwa Shakespeare. Mama mdogo akaniuliza, "Hawa kazini wanaenda saa ngapi?" Nikakosa jibu. Tatizo langu ni hilohilo, hakuna kinachowazuia, wangekaa chini dakika tano wakaongea muvi ingeisha tukalale.

Sasa Damsel ya 2024 ndo ilinishangaza, maana niliiweka nikijua ni mambo ya watoto. Binti wa nchi ya baridi na njaa anaposwa na ukoo wa kifalme wenye dhahabu mpaka basi, baba anakubali chap. Mama mdogo akaweka kikombe chini. "Mwanangu, mahari yote hiyo wanatoa bila hata kuomba kupunguziwa? Huyo mtoto wanaenda kumla." Na hapo alikuwa hajui kitu! Wanachanjwa viganja damu zinachanganywa, mimi nikajua ni mila zao tu, kumbe ni ili joka linuse damu ya kifalme, na anayemtupa shimoni ni bwana harusi mwenyewe, kwa mikono yake.

Kilichonimaliza ni baba. Alijua, akamuuza akijua, alafu roho inamsuta anarudi kumtafuta. Joka nalo lina kisa chake, liliuliwa watoto wake zamani huko na wakubwa wakageuza stori. Bibi yetu alikuwa akituambia Ziwa Ngozi lina nyoka, ila hatukuwahi kuuliza nyoka alikosewa nini.

Wicked nayo ni ya 2024, saa mbili na dakika arobaini na wanaimba balaa, nusu ya kwanza nilisinzia sitaki kudanganya. Ila kuna pale kwenye ukumbi wa dansi, yule dada wa kijani, Cynthia Erivo, kaja na kofia aliyopewa ili achekwe, watu wanamcheka kweli, yeye anaanza kucheza peke yake kimyakimya bila muziki. Na aliyempa ile kofia anatoka, anaenda kusimama mbele yake, anafuatisha mikono yake ilivyo. Hawaongei kabisa. Nikasikia mama mdogo anavuta makamasi, akasema ni baridi.

Simaanishi mapenzi yasiigizwe. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya 2021 ni mapenzi matupu, tena wengine kitabu cha Adam Shafi tulikisoma fomu faivu kwa kulazimishwa. Lakini pale Yasmin ameozwa mzee, Denge anatafutwa na wakoloni, kila wakikutana unaangalia mlango utadhani wanakuja kukukamata wewe. Hiyo ndo naitaka. Hao wengine wa kugombana kisa meseji haijajibiwa wanitolee kwenye flashi yangu.

Mama mdogo karudi Tukuyu, na kila akipiga simu kabla hata hatujasalimiana vizuri anauliza yule wa kijani amefikia wapi. Sehemu ya pili ilitoka Novemba 2025, nikaenda laibrari mbio, kumbe niliyoingiziwa imerekodiwa ukumbini kwa simu. Yuko pale juu na ufagio wake, anaimba, na katikati ya skrini kuna kichwa cha jamaa anaenda kununua bisi.