Antivirusi Feki, Toka Kwenye Kompyuta Yangu!

Jamani, watu hawa wana roho gani? Nimewasha kompyuta ya nyumbani, Windows 7, nimalizie ankara za wateja. Dirisha jekundu likaruka: “Virusi 38 vimepatikana! Lipa dola 59.95 tukusafishie.” Virusi gani? Kirusi si ni wewe!

Nalifunga, linafumuka jingine. Nafungua Task Manager, ile ya kuzimia programu zilizogoma, naambiwa nayo ina virusi. Hata kikokotoo! Kikokotoo kinaumwa nini, jamani? Mwizi kaingia ndani, kavaa sare ya mlinzi, na mshahara anadai!

Ikabidi nizime, niwashe huku nagonga F8 kama napigilia msumari, niingie Safe Mode, ile hali ya kuwasha Windows na vitu vya lazima tu, niweke Malwarebytes, programu ya kufukuza virusi, kwa flashi ya jirani. Masaa matatu ya kuskani. Likatoka. Nafungua intaneti, wapi! Kumbe limeacha proksi yake (njia ya kupitishia intaneti), 127.0.0.1, yaani anwani ya kompyuta hii hii, kwenye mipangilio. Limeshakufa, bado limekaba mlango!

Nimeitoa kwa mkono. Lakini mama yangu akikutana na dirisha lile, si atalipa? Nanyi mliokwisha kulipa, mmeshapiga simu benki wafunge hizo kadi?