Masta bila kuuliza "mmepimaje?"

Wiki mbili zilizopita kijana mmoja anayesoma masta ya baiokemia alinitembelea hapa Shangani, Mtwara, karudi nyumbani kukusanya sampuli za makopa (muhogo uliokaushwa), akanionyesha litrecha rivyu yake, yaani mapitio ya tafiti za wengine, ina pepa zaidi ya 60. Nikagusa moja tu nikamuuliza, hawa sianidi, ile sumu ya muhogo, walipimaje? Kimya. Kumbe kasoma abstrakti na hitimisho, basi.

Simlaumu kabisa, maana na mimi nililelewa hivyohivyo. Kwenye tasnifu yangu niliweka jedwali la namba za sianidi kutoka kwa waandishi tofauti, nikaandika kwa kujiamini kwamba muhogo wa sehemu fulani una sumu mara mbili na nusu ya mwingine. Nimeshamaliza, cheti ninacho, ndo nakuja kugundua mmoja alihesabu kwa uzito wa muhogo mbichi na mwingine kwa uzito mkavu, na muhogo ukitoka shambani asilimia 60 na zaidi ni maji tu, kwa hiyo ile tofauti yangu yote ilikuwa maji. Supavaiza hakuona, mtahini hakuona. Inaniuma mpaka leo, kwa sababu FAO na WHO wanataka unga usizidi miligramu 10 za sianidi kwa kilo, sasa mtu akichukua namba yangu akaamua nayo unga upi uliwe je?

Nenda Newala umpelekee bibi makopa ya muhogo mchungu asiyoyajua. Hapiki mpaka aulize. Yamelowekwa siku ngapi? Nani kaanika? Jua lilikuwepo? Yaani bibi anauliza metodi (njia iliyotumika) kabla ya matokeo, na ana haki, maana sumu ya muhogo haitoki kwa kuombewa, linamarini, kemikali inayobeba hiyo sianidi, iko upande mmoja wa seli na enzaimu ya kuivunja iko upande mwingine, mpaka muhogo ulowekwe au usagwe ndo vinakutana na sianidi inatoka. Ukiharakisha kwa sababu ya njaa inabaki ndani. Miaka ya mwanzo ya 2000 konzo, ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo, ilipiga vijiji vya mkoa wetu huu, watu wakapooza miguu na haiponi.

Sasa mi nashangaa kwa nini mwanafunzi akifika chuoni tunamfundisha kushika pipeti mwaka mzima ila kuuliza kama bibi hatumfundishi. Tunamwambia tu "tafuta pepa za kusapoti". Kusapoti! Anajifunza kuokota sentensi zinazomfaa, na jarida likiwa kubwa ndo kabisa hagusi.

Mwaka 2010 jarida la Science lilitoa pepa kwamba bakteria kutoka Mono Lake kule California, GFAJ-1, anaweza kutumia aseniki, ambayo ni sumu, badala ya fosforasi ambayo viumbe huitegemea, mpaka ndani ya DNA. Dunia nzima ilishangilia. Mwanabaiolojia Rosie Redfield wa Canada akasoma metodi, akaona DNA haikusafishwa vya kutosha na chakula cha bakteria bado kina fosfeti kidogo, yaani fosforasi haikuisha. Akarudia mwenyewe na wenzake, mwaka 2012 wakaonyesha DNA ikioshwa vizuri hiyo aseniki haimo. Pepa ikaja kuondolewa 2025. Swali lake ni lilelile la Newala, mmeosha sawasawa?

Najua nitaambiwa shida yetu ni mashine na hela za kemikali. Ni kweli, nimeshakaa miezi nasubiri kemikali moja. Lakini hiyo miezi ndo ya kusoma! Pepa moja kwa wiki, supavaiza na wanafunzi wake mezani, abstrakti imefichwa, mnaanza na grafu: kontroli (sampuli ya kulinganishia) iko wapi, walirudia mara ngapi, hii namba ni kwa uzito upi, halafu mnaandika hitimisho lenu ndo mnafunua la kwao. Mara nyingi hayafanani, na hapo ndo darasa linapoanza. Supavaiza akisema hana muda basi apunguze wanafunzi.

Yule kijana tulikubaliana arudi Jumamosi. Alikuja na jedwali jipya, kaongeza safu ya "mbichi au mkavu" na nyingine ya njia ya kupima, na pepa 11 kazitoa kwa sababu hazisemi popote. Akaniuliza kama awaandikie waandishi kuwauliza. Tukaanza na barua ya kwanza palepale.