Bahasha ya Marejesho

Halikuwa paja. Naanza na hilo kwa sababu najua wengi wenu mmeshaisikia ile sauti inayozunguka tangu jana usiku, aliyoirekodi rafiki yangu wa baraza la kahawa la Barabara ya 9 huku akicheka mpaka anakohoa. Anadai nilitoka kwenye hitma ya watu na paja zima la mbuzi. Muongo mkubwa. Zilikuwa mbavu tatu na mnofu mmoja. Na mbavu zenyewe za mbuzi wa mjini Tanga, mnawajua, mnyama kala maboksi maisha yake yote.

Kanzu bado iko kwenye beseni. Mama watoto kila akipita hapo uani anaichungulia, anashika kiuno, anaondoka anacheka peke yake. Basi na mimi niseme yangu kabla hajatokea wa kusema nilibeba sinia.

Deni letu mnalijua, nimeshalilia sana humu. Mzee alilazwa, bili ikaja, ndugu wakasema "tuko pamoja" halafu simu zao zikawa hazipatikani, tukaishia kwa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kunyonya. Kila Jumatatu kijana wa marejesho anafika mlangoni kabla ya muuza vitumbua. (Mtaniuliza kwa nini sikukopa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, na shemeji yangu alikuwa ameshakopa kwenye mojawapo. Walimtumia meseji za deni lake hadi imamu wake. Sikuthubutu.)

Mama watoto akatangaza hali ya hatari. Akanunua daftari la kaunta na makapeni nyeusi, na kuanzia hapo nyumba ikawa inaongozwa kwa herufi kubwa. SUKARI. MKAA. NAULI. Bodaboda nikasahau, nikapewa baiskeli ya mzee, ile Phoenix nyeusi aliyoiacha baada ya macho kuanza kumsumbua. Friji ikazimwa, sasa inatunza madaftari ya shule. Pasi nayo ikastaafu. Kanzu nainyoosha kwa kuilalia chini ya godoro. Maana hesabu ya umeme mama watoto anaijua kuliko wenyewe: ukibaki ndani ya uniti 75 kwa mwezi, uniti ni shilingi 100 kabla ya makato, ukivuka, zile zinazozidi unapigwa 350. Na hapo kodi ya jengo, 1,500, imeshakatwa humo humo kwenye Luku. Mtoto akiwasha taa mchana anaitwa kwa jina lake kamili na la babu yake.

Chakula ndiyo usiseme. Bada ya muhogo na mboga ya mchunga. Kesho yake mchunga na bada. Samaki ni wa soko la Deep Sea wa jioni, saa ambayo wachuuzi wamechoka na samaki wenyewe wamechoka zaidi.

Sasa kuna kipengele kimoja kwenye daftari ambacho yule muongo wa Barabara ya 9 hakukitaja, na ndicho kilichonimaliza. Kimeandikwa SHUGHULI. Tanga hii haipiti wiki bila hitma, maulidi, akdi au arobaini. Ukiwa na kanzu safi na masikio yanayosikia vizuri, njaa utaisikia kwa jirani. Mama watoto akapitisha sheria: siku baba akienda shughuli, fungu lake la jioni halipikwi. Mwanzoni nilichukia, baadaye nikawa ndiye ninayeulizia misiba.

Jana mwenzangu huyo huyo wa Barabara ya 9 akanipitia: kuna arobaini, mtaa sitautaja, familia ya waungwana, twende. Marehemu nilikuwa simjui hata kwa sura. Nikavaa, nikatoka, na pale mlangoni kitinda mimba wangu akanishika kanzu. "Baba, na sisi utuletee nyama."

Nyie mngefanyaje?

Zamani lingekuwa jambo dogo, rambo linaingia mfukoni, nani ajue. Lakini tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ni marufuku, na ule mfuko mbadala tulio nao nyumbani ni mwekundu, mkubwa, una picha ya ua. Nikapekua, nikapata bahasha ya kaki. Ngumu, safi, mdomo mpana. Nikaikunja, mfukoni. Sikuigeuza upande wa pili.

Hitma ikasomwa. Yalipogawiwa majuzuu nikawahi la thelathini, kwa sababu sura zake ninazo kichwani tangu chuoni na tumbo halikuwa na subira. Allah anisamehe. Baiskeli nilikuwa nimeiegemeza kwenye mwarobaini nyuma yangu kabisa, usukani umeelekea barabarani. Mtu wa Tanga naye siku hiyo aliamua kuwa mgeni, kama ule msemo wetu: waja leo waondoka leo.

Masinia yakaja. Jamani, pilau. Mchele umeachana punje kwa punje, hiliki unaisikia kabla hujaketi, kachumbari ina pilipili ya kumtoa jini. Tulikuwa watano kwenye sinia letu na mzee mmoja ambaye mkono wake ulikuwa unarudi kabla haujaondoka. Nikala kistaarabu. Ila kila nyama ya pili au ya tatu ilikuwa inapotea njia. Inatoka siniani na mkono wa kulia kama kawaida, inaelekea mdomoni, halafu inapata udhuru, inashuka gotini, ambako mkono wa kushoto umeshikilia bahasha chini ya pindo la kanzu. Pilipili ikanitoa jasho, nikavua kofia nikaiweka pembeni.

Kumbukeni hiyo kofia.

Akasimama msemaji wa familia. Mzee mpole, sauti ya chini, mtu wa kumheshimu. Akashukuru, akaomba radhi kwa mapungufu. Halafu akasema marehemu alikuwa na duka na alikuwa mtu wa kukopesha. Mirathi bado hawajagawa, maana Surat An-Nisaa iko wazi, wasia na deni vinatangulia. Anayemdai marehemu aje kwa familia. Na aliyekuwa anadaiwa na marehemu pia aje, kama hana waongee, hakuna atakayeaibishwa. Hakuna atakayeaibishwa. Nimeirudia makusudi.

Akatoa daftari. "Tatizo letu, marehemu hakuandika majina. Aliandika watu anavyowaona yeye." Watu wakatabasamu. "Mama Maandazi, tumempata. Mrefu wa Bandarini, tumempata, Allah amlipe, kamaliza lake. Amebaki mmoja tu, deni la siku nyingi." Akasogeza daftari kwenye mwanga. "Kipara wa Baiskeli."

Mimi wakati huo nilikuwa naondoka. Wallahi sikuwa nimesikiliza vizuri, nilikuwa nimeshapiga hesabu kwamba dua imeisha na bahasha inaanza kuloa. Kwa hiyo jina linatajwa, na katika umati wote ule mtu mmoja anasimama. Kichwa wazi, kinang'aa kwa jasho chini ya taa ya turubai. Nyuma yake, baiskeli.

Kimya.

Nikahisi macho, nikatazama yanakotazama. Bahasha ilikuwa imepanda nami, nusu nzima imetoka mfukoni, imetuna, na ule upande ambao sikuugeuza ulikuwa umewaelekea wao. Mama watoto anahifadhia humo risiti za Jumatatu. Makapeni nyeusi, herufi kubwa: MAREJESHO.

"Allahu akbar," akasema mtu.

"Mashaallah," akasema msemaji, na naapa macho yake yalikuwa yamelengwa na machozi. "Hata hatujamaliza kusema. Amekuja nayo kabisa."

Nikafungua mdomo kukanusha. Mdomoni kulikuwa na nyama, tena ile yenye mshipa, haitafuniki wala haimezeki. Nikasema, "Hm-mm." Yule mzee akainua mkono. "Usiseme kitu, mwanangu. Aliyekusudiwa ameshaona." Nikamtazama mwenzangu anitetee. Ameinamia sinia, mabega yanatetemeka. Ukitazama kwa mbali ungesema analia kwa uchungu wa marehemu, na mtu wa pembeni yake alikuwa anampapasa mgongo.

Kijana mmoja akanyoosha mkono kwa adabu, akaichukua bahasha mfukoni mwangu. Nikaishika kidogo. Akavuta kidogo. Mngekuwa nyie mngeng'ang'ania? Mbele ya mashehe?

Ikaanza safari kwenda mbele, mkono kwa mkono. Wa kwanza akaipokea vizuri, akaipitisha, akatazama vidole vyake. Wa pili akavinusa. Wa tatu, mtu mzima kabisa, akamnong'oneza mwenzake, na kwa ule ukimya turubai zima likasikia: "Ina joto." Ilipofika katikati kitako cha bahasha kikaachia kidogo, punje za pilau zikawa zinadondoka kwenye mkeka, moja moja, zinaonyesha njia kutoka kwangu mpaka kwa msemaji.

Akaipokea kwa mikono miwili. Akasema bismillahi. Akaifungua mdomo, akachungulia, akaifunga. Akavaa miwani. Akachungulia tena. Kisha akaingiza vidole viwili, akatoa, akainua kwenye taa.

"Huu," akasema taratibu, "ni ubavu."

Wa kwanza kucheka hakuwa mwanamume. Kicheko kilitokea nyuma ya pazia la kanga walikokaa kina mama, kimoja kikali, kikakatwa katikati kama mtu kazibwa mdomo. Halafu pazia lote likaanza kutikisika. Huku kwetu watu wakajikaza kwa heshima ya marehemu, wakatazama chini, wakatazama juu, imamu akajifanya anatafuta kiatu. Msemaji mwenyewe alijaribu, namshuhudia, alijaribu kweli, mdomo ukamcheza. Akauliza, "Una watoto?" Nikaitikia kwa kichwa, nyama bado mdomoni. Akageukia pazia: "Mfungieni huyu bwana pilau la maana. Na bahasha yake mrudishieni, ina kazi."

Hapo sasa turubai zima likaanguka kwa kicheko.

Yaliyofuata ni mafupi. Nikapewa hotpoti limejaa, nikalifunga kwenye keria, nikapanda, nikasindikizwa na watoto wa mtaa wakiimba "Kipara! Kipara!" mpaka lami. Mwenzangu hakupanda yake, alikuwa amekaa chini. Nyumbani watoto walikula mpaka wakalala na mikono michafu, mama watoto akashiba, akacheka, akauliza kama risiti zake zimepona. Hazikupona.

Mzee naye nikampelekea sahani yake kibarazani, nikamsimulia ili apoe. Alicheka vizuri sana. Alicheka kwenye "ina joto", akacheka zaidi kwenye ubavu. Nilipofika kwenye lile daftari la marehemu na majina yake, akaacha kucheka. Akajipapasa utosi, maana kipara changu nacho sikukiokota barabarani.

"Hilo duka," akasema, "lina mlango wa bluu?"

"Eeh, baba."

"Linatazamana na kisima?"

"Eeh."

Akatafuna kwa muda mrefu sana kwa mtu mwenye meno machache. Halafu akaitazama ile Phoenix yake ukutani.

"Wameandika ngapi?"

Elfu tisini na nne. Mabati na misumari, tangu nikiwa shule. Mama watoto ameshafungua ukurasa mpya, DENI LA MZEE, kaupigia mstari na makapeni, na sukari imehamishiwa mwezi ujao. Kesho asubuhi narudisha hotpoti la watu, na ndani nitaweka elfu kumi ya kuanzia, bila bahasha. Nimemwomba mzee twende wote akajieleze mwenyewe, anasema goti linamuuma.