Skrubu ya Mwisho

Baba mkubwa aliniachia gari aina ya MGB la mwaka 1965, lenye milango miwili, lisilo na paa la kuaminika, na lenye tabia ambazo mama mkubwa, aliyelipanda kwa zaidi ya miaka 30, anazijua kuliko anavyojua tabia za watoto wake. Gari linakaa nyumbani kwake Uyole, Mbeya, nami huja kulihudumia kila Jumamosi, jambo ambalo majirani wanalitaja kuwa ndiyo sababu nimefikisha miaka 41 bila kuoa.

Ugonjwa wa gari ulijitokeza usiku mmoja wa baridi ya Julai nilipokuwa natoka Makambako. Kila nilipokanyaga mafuta, taa za mbele ziling'aa zaidi, nami kwa ujinga wangu nikafurahi, nikidhani gari limepata nguvu mpya. Nilipofika Chimala globu ya kushoto ikaungua, na Igurusi ya kulia ikamfuata mwenzake. Kuanzia hapo nilijibanza nyuma ya lori lililokuwa likienda Tunduma, nikitembelea mwanga wake kama mgeni anayekula kwa jirani, huku nyuma ya kiti changu kukitoka harufu ya mayai viza.

Asubuhi nilipima kwa mita. Injini ikizungushwa kwa kasi, umeme ulifika volti 17, ilhali haupaswi kuvuka 15. Dinamo ya gari hili haijui kutosheka: kadiri inavyozungushwa ndivyo inavyozalisha, na kazi ya kuizuia ni ya kisanduku kilichofungwa ubavuni mwa injini, upande wa kulia. Mafundi wetu hukiita katauti, ingawa kwa haki katauti ni koili moja tu kati ya tatu zilizomo ndani yake. Hiyo huitenga dinamo na betri injini inapozimwa. Ya pili hudhibiti volti, ya tatu hudhibiti ampea. Nilipofungua kifuniko nilikuta platini za koili ya pili zimeungua na kugandana, kwa hiyo dinamo ilikuwa inazalisha bila breki na betri zinachemka kama maharage.

Katauti mpya ilisafiri kutoka Uingereza kwa wiki tano. Fundi waya mmoja wa Kabwe, niliyemwomba anisaidie kuifunga, alirudi hatua mbili nyuma alipoona chanya ya betri imefungwa kwenye bodi ya gari.

"Kaka, hii imefungwa kinyume."

Nilimweleza kwamba MGB zilizotengenezwa kabla ya mwisho wa mwaka 1967 zilitoka kiwandani hivyo hivyo. Alinitazama kwa huruma, akasema kwamba hata kiwanda kinaweza kukosea, akakusanya plaisi na testa zake akaondoka. Sikumlaumu, maana angelifunga kama alivyozoea, na huenda ningekuwa nauza vyuma chakavu sasa.

Basi Jumamosi hiyo niliifanya kazi mwenyewe, kwa uangalifu ambao bado najivunia. Betri ni mbili, za volti 6 kila moja, na zimefichwa chini ya kibao nyuma ya viti, kwa hiyo nilianza kwa kung'oa kibao na kuzitenga. Kisha nikakabiliana na nyaya. Waya wa D, unaoleta umeme kutoka kwenye dinamo, ni wa kahawia wenye mstari wa njano. Wa F, ambao katauti huutumia kuizuia dinamo, ni wa kahawia wenye mstari wa kijani. Lakini baada ya zaidi ya nusu karne ya grisi na vumbi, mistari yote miwili ilikuwa imepata rangi moja, ile ya ugali wa ulezi. Nilizisugua kwa kitambaa chenye petroli hadi kila mmoja ukakiri rangi yake, nikaufunga mahali pake. Nikaunganisha betri, nikawasha injini, nikapima: volti 14.4, zimetulia. Nikazima. Nikarudisha kibao, na juu yake nikasimamisha gunia la viazi la kupeleka Mwanjelwa, ambalo mama mkubwa alilifunika kwa khanga yake mpya ili lisipate vumbi.

Hapo ningeondoka. Lakini nilikumbuka kwamba skrubu moja ya katauti nilikuwa nimeikaza kwa vidole tu.

Niliikaza robo mzunguko, na honi ikalia.

Waya wa honi ulikuwa umepita chini ya ukingo wa katauti bila mimi kuuona, na ukingo ule ulipokandamizwa ulikata mpira wake ukagusa bodi, jambo ambalo kwa honi ya gari hili ni sawasawa na kubonyeza kitufe na kutokuachia. Kwa mshtuko bisibisi lilinitoka mkononi likapotelea chini ya injini. Nilichomoa ufunguo, honi haikujali, kwa kuwa umeme wake haupiti kwenye swichi. Nikakimbilia kwenye betri, na juu ya betri nikalikuta gunia.

Honi ndefu ya Jumamosi alasiri, hapa kwetu, ina maana moja. Kigelegele cha kwanza kilitoka ng'ambo ya ua, kikajibiwa na cha pili, na kabla sijapumua lango lilikuwa limejaa watoto na kina mama, na nyuma yao mzee jirani aliyekwisha kuvaa koti.

"Hatimaye!" alisema mzee.

Walichokiona ni mimi, nimepiga magoti juu ya kiti, nimemkumbatia mtu mnene aliyejifunika khanga, namvuta kwa nguvu zote naye hataki kushuka.

"Polepole, baba," alinisihi mama mmoja. "Bado mgeni."

Ndipo mama mkubwa alipotoka jikoni, akifuta mikono kwa utaratibu. Aliinama kwenye injini, akachomoa fyuzi iliyokuwa shibiri moja kutoka kwenye ile katauti niliyoishughulikia mchana kutwa, na kimya kikatanda Uyole nzima.

"Mama," nilisema, viazi vitatu vikibingirika miguuni pa mzee, "kumbe ulikuwa unajua muda wote huo?"

"Nilijua, mwanangu. Nilitaka kwanza nivisikie hivyo vigelegele."