Mkufu wa Gugumaji

Bibi harusi mtarajiwa alikuja kibandani kwangu Kisumu na masharti mawili: mkufu uwe na kitu cha ziwa, na kitu chenyewe kisiwe samaki. Afadhali, maana ngege na mbuta nimeshona hadi nimewachoka. Sasa ziwani kuna nini kingine chenye rangi? Gugumaji.

Usicheke. Lile ua lina petali sita za zambarau iliyopauka, na ile ya juu kabisa ina doa la manjano lililozungushiwa buluu, utadhani jicho la tausi. Hilo doa lilinitoa jasho. Shanga ndogo za Cheki hazipiti sindano ya kawaida, na uzi wa kuvulia, ambao ndio hauozi, hujikunja unavyotaka wenyewe. Lakini likatoka. Mteja akalipa nusu, akaondoka akijitazama kwenye simu.

Siku hizi watu hawanunui shanga tupu, wananunua na maana yake. Wamaasai wana zao: nyekundu ujasiri, nyeupe maziwa, buluu mbingu iletayo mvua. Mimi nikatia kikadi ndani ya boksi: “Ua hili halizami. Huzaa haraka. Likiingia mahali, halitoki.” Nilikuwa nasifia ndoa, jamani!

Siku ya ayie, ile sherehe ya Waluo ya posa na mahari, huko Dunga kando ya ziwa, nimekaa zangu nyuma ya hema nikisubiri kuku na salio langu. MC, mtu asiyejua kunyamaza, akakipata kile kikadi na kukisoma kwenye maiki. Chote. Hata jina la ua akataja.

Mzee mmoja wa upande wa bwana, mvuvi, akasimama taratibu na kuvua kofia.

“Hilo nalijua. Lilitoka Amerika Kusini bila kualikwa, miaka ya 1990 likanimalizia nyavu. Serikali imeleta mashine, imeleta na fukusi wa kulitafuna, bado lipo. Leo mnataka tuwape ng'ombe ndipo tulibebe hadi nyumbani?”

Hema likaangua kicheko. Wenzake, watu wa biashara hao, wakadai papo hapo wapunguziwe ng'ombe wawili. Bibi harusi akanigeukia, na nikaliona salio langu likiaga.

Shangazi yake ndiye aliyeniokoa. Akajifunga leso kiunoni.

“Jaduong', wewe ni mvuvi. Mtumbwi ukishaingia kwenye gugumaji, hurudi nyuma?”

“Haurudi.”

“Basi mtoto wenu ameshanasa. Leteni ng'ombe wote!”

Vigelegele vilivyopigwa hapo, hata MC hakusikika tena, na hilo peke yake lilistahili mbuzi.

Baada ya chakula yule mzee akanifuata kando ya masufuria, akainama sikioni.

“Binti, na fukusi unaweza kushona? Nataka nimvike mke wa huyu kijana.”

Nikamwambia naweza, ila fukusi ni ghali. Ana miguu sita.