Memori ya 128, tumbo la 7

Jamani, hizi memori kadi za mjini zitanitoa roho. Jumamosi nilikuwa kando ya ziwa, karibu na Jiwe la Bismarck jijini Mwanza, napiga picha za harusi. Jua linazama, upepo unapeperusha shela la bibi harusi vizuri kabisa. Nabonyeza. Picha nne, tano, kamera ikaganda, kitaa chekundu kinawaka tu. Ilipozinduka, jua lilishazama na bwana harusi anauliza kama tumemaliza.

Kadi imeandikwa 170 kwa wino mkubwa. Kumbe hiyo ni kasi ya kusoma, yaani kuhamishia picha kwenye kompyuta! Kamera inataka kasi ya kuandika, yaani kuhifadhi picha unapopiga, na hiyo wameificha kwenye kialama cha kutafuta kwa miwani: V30 maana yake haishuki chini ya megabaiti 30 kwa sekunde, V60 ni 60. Ile 10 iliyozungushiwa herufi C? Megabaiti 10 tu.

Na hapo kadi iwe halisi. Niliyonunua kabla yake ilijitangaza gigabaiti 128. Nikaipima kwa programu ya H2testw, ikakutwa na 7 na ushee. Zilizobaki hewa. Kamera wala haikulalamika, ilipokea kila kitu. Kufungua nyumbani, nusu ya kila picha ni kijivu.

Nikairudisha dukani. Muuzaji akaniambia: "Bosi, si uliijaribu hapa hapa ikafanya kazi?"

Niliijaribu, ndiyo. Picha moja, ya kidevu chake.